Pedeli ya Breki Inazama Hadi Chini? Kuongeza Mafuta Peke Yake Siyo Dawa

Dereva anafika kwenye foleni, anakanyaga breki kama kawaida, na pedeli inashuka zaidi ya alivyozoea. Gari linasimama, ndiyo, lakini mguu umeenda mbali. Anakanyaga tena haraka haraka, pedeli inapanda, inakuwa ngumu, roho inatulia. Safari inaendelea.

Kesho yake anapita kwa fundi wa mtaani. Boneti inafunguliwa, kikopo cha mafuta ya breki kinaonekana kimepungua, kinajazwa. "Tayari bosi, iko fiti." Bosi analipa, anaondoka. Baada ya wiki mbili pedeli inazama tena.

Hapo kuna swali moja ambalo halikuulizwa: yale mafuta yalikwenda wapi? Injini inakula petroli kwa sababu inaichoma. Breki hazichomi kitu. Mafuta yake yamefungiwa ndani ya mabomba, yanatakiwa yabaki humohumo. Yakipungua, kuna maelezo mawili tu: ama pedi zimelika, ama yanavuja mahali. Na pedeli inaweza kuwa laini hata kikopo kikiwa kimejaa mpaka juu. Ndiyo maana kujaza na kuondoka ni kubahatisha.

Kwa nini inakuwa laini

Mguu ukikanyaga, masta silinda iliyo mbele ya dereva chini ya boneti inasukuma mafuta kwenye mabomba hadi kila tairi. Kule yanasukuma pistoni, pistoni inabana pedi kwenye diski, au inatanua breki shuu ndani ya dramu. Yote hiyo inafanya kazi kwa sababu mafuta hayabonyei. Upepo unabonyea.

Mfano rahisi ni bomba la sindano. Likijazwa maji na kuzibwa kwa kidole mbele, halisukumiki. Likibaki na upepo kidogo, linasukumika mpaka upepo wote ubanwe. Pedeli laini ni kitu hichohicho: sehemu ya nguvu ya mguu inaishia kubana upepo badala ya kubana diski.

Ieleweke pia kwamba hapa ni habari za magari madogo, yenye breki za mafuta. Malori na mabasi makubwa yanatumia breki za upepo, ule ni mfumo mwingine kabisa. Kwa hiyo fundi akisema "breki zimeingia upepo" kwenye Vitz au IST, anazungumzia ugonjwa. Kwenye lori, upepo ndiyo kazi yenyewe.

Mguu unatoa majibu kabla ya spana

Kabla hakijafunguliwa kitu, pedeli ijaribiwe gari likiwa limesimama sehemu tambarare, injini inawaka, gia iko P au huru. Dereva anakanyaga kwa nguvu ya kawaida, anashikilia bila kuachia kama nusu dakika, anasikilizia. Kisha anaachia, anakanyaga mara mbili tatu haraka. Majibu yanatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayookoa pesa.

Pedeli ikiwa inabonyea kama sponji, halafu ikikanyagwa haraka haraka inapanda na kukaza, kuna upepo ndani. Hii hutokea sana baada ya gari kutoka gereji: kalipa imefunguliwa, bomba limebadilishwa, au kikopo kiliachwa kikaisha kabisa. Kama halijaguswa na fundi siku za karibuni, upepo uliingia penye uvujaji, na huo uvujaji utafutwe kwanza.

Pedeli ikiwa inashuka mbali lakini inafika mahali inakaza, haina usponji, na ikipampiwa inapanda, mara nyingi shida ni nafasi iliyozidi. Magari madogo mengi yanayotoka Japani, kama Passo, Vitz na Probox, yana diski mbele na dramu nyuma. Breki shuu za nyuma zikilika na kile kirekebishaji chake kikashika kutu, pistoni inasafiri mbali kabla shuu hazijagusa dramu. Kipimo chake ni chepesi: gari likiwa limesimama, handbreki inavutwa mpaka juu, kisha pedeli inakanyagwa. Ikiwa imepanda ghafla, mtu aanzie nyuma. Kutoa upepo hapo ni kupoteza mafuta bure.

Ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Pedeli inaanza vizuri, imekaza, lakini mguu ukishikilia inazama taratibu, kidogo kidogo, hadi chini. Dereva wa gari la gia otomatiki huigundua kwenye taa za barabarani: mguu umekanyaga kidogo tu, na gari linaanza kujongea lenyewe kuelekea bampa la mbele. Ikizama hivyo na mafuta yanapungua, kuna uvujaji wa nje. Ikizama na kikopo hakipungui hata tone, sili za ndani ya masta silinda zimechoka. Mafuta yanapenya pembeni ya pistoni na kurudi yalikotoka, bila kudondoka chini. Cha kupotosha ni kwamba mguu ukikanyaga kwa nguvu na ghafla, sili hizohizo zinaweza kutanuka na kuziba, pedeli ikaonekana nzima. Ndiyo maana kipimo kifanywe pia kwa kukanyaga polepole.

Kuna jambo moja linalowatisha watu bure. Injini ikiwa imezimwa, pedeli ikakanyagwa mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, kisha injini ikawashwa mguu ukiwa juu yake, pedeli inashuka kidogo na kusimama. Huo siyo ugonjwa. Ni busta imeanza kusaidia mguu, na ndivyo inavyotakiwa. Isiposhuka, hapo ndipo busta au mpira wake wa kuvuta hewa ukaguliwe.

Kutafuta yanakovujia

Kikopo kina alama mbili, ya juu na ya chini. Pedi mpya zikilika, pistoni za kalipa zinasogea nje, na mafuta yanashuka polepole kwa miezi mingi. Hilo ni la kawaida, na ni sababu ya kuangalia unene wa pedi kabla ya kujaza. Yakishuka ndani ya siku au wiki, yanavuja.

Sehemu za kwanza kuangalia ni upande wa ndani wa kila tairi. Unyevu unaoteleza, usio na harufu ya petroli wala weusi wa oili chafu, ukionekana kwenye ringi au ukingo wa tairi, ni dalili ya wili silinda au kalipa iliyokufa sili. Kwenye dramu, mafuta hulowanisha shuu, na shuu zikishalowa huwa hazifai tena, ni za kubadilisha hata kama bado nene. Mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari yakaguliwe kutu, hasa kwa magari ya Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na visiwani ambako chumvi ya bahari haina huruma. Mipira ya breki karibu na tairi ikunjwe kwa mkono kuona kama imepasuka.

Uvujaji unaofichika zaidi uko nyuma ya masta silinda. Imefungwa kwenye busta, na sili ya nyuma ikichoka mafuta yanaingia ndani ya busta. Chini ya gari hakuna tone, matairi makavu, lakini kikopo kinapungua kila mara. Fundi makini anafungua nati mbili za masta silinda, anaivuta mbele kidogo bila kukata mabomba, anaangalia kama kuna ulowevu nyuma yake.

Taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi nayo inadharauliwa sana. Kwenye magari mengi ni ileile ya handbreki, kwa hiyo mtu anashusha handbreki, anaona taa bado inawaka, anadhani ni swichi mbovu. Mara nyingi inamaanisha mafuta yameshuka. Masta silinda za kisasa zina sehemu mbili, kila moja na mabomba yake, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Magari mengi ya kuvuta mbele yamegawanywa kimshazari: tairi moja la mbele na moja la nyuma la upande wa pili. Anayeendesha na pedeli iliyoshuka ghafla pamoja na taa nyekundu huenda tayari anatumia nusu ya breki. Gari hilo haliendeshwi kwenda gereji. Linavutwa.

Breki zinazopotea mlimani na kurudi zenyewe

Malalamiko haya yanawasumbua mafundi: mjini breki nzima, mlimani zinapotea, ikifika gereji hakuna shida.

Mafuta ya kawaida ya breki yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa. Ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi joto 205. Yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Sasa dereva anateremka Kitonga, mkoani Iringa, au anashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, gari limejaa abiria na mizigo, mguu hautoki kwenye breki. Joto linapita kwenye pedi, linaingia kwenye kalipa, mafuta ya zamani yanachemka. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea kama upepo. Pedeli inakwenda chini.

Gari likipumzika nusu saa, mvuke unarudi kuwa majimaji, pedeli inapanda, na dereva anaonekana ni mtu wa maneno mengi. Hapo dawa ni kumwaga mafuta yote ya zamani na kuweka mapya mfumo mzima. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri ifanyike kila baada ya miaka miwili hivi, na mwenye gari la mtumba asiyejua yalibadilishwa lini ahesabu kwamba hayajawahi. Rangi nyeusi kama chai ya rangi ni dalili ya uchakavu, ingawa mafuta yanayong'aa nayo yanaweza kuwa na maji.

Pedeli ikibaki ngumu juu lakini gari halisimami na kuna harufu ya kuungua, hiyo ni nyingine: pedi zimepata joto kupita kiasi. Zote mbili zinazuiwa kwa njia moja, kushuka kwa gia ndogo kuanzia juu ya mlima na kuiachia injini ishike gari.

Kujaza kitu kingine

Kifuniko cha kikopo kimeandikwa mafuta yanayotakiwa, na Toyota nyingi zimeandikwa DOT 3. DOT 4 inaweza kuchanganyika nayo. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo, ingawa DOT 5.1 ni jamii ya DOT 3 na 4. Majina yamekaa vibaya, lakini ndivyo yalivyo.

Kosa kubwa zaidi linatokea barabarani, mafuta yameisha na msamaria anatoa oili ya injini, ya gia au ya usukani. Oili hizo zinavimbisha mipira ya mfumo wa breki. Kwa siku chache pedeli inaweza kuonekana nzuri, kisha sili zinalainika, breki zinashika bila kuachia au zinaacha kushika. Ikishafika huko, kusafisha hakutoshi. Kila chenye mpira ndani kinabadilishwa: sili za masta silinda, za kalipa, wili silinda, mipira ya breki na hata kifuniko cha kikopo. Ni gharama kubwa kwa sababu ya robo lita ya oili.

Chupa iliyofunguliwa miezi iliyopita ikakaa dukani bila kufungwa vizuri nayo iachwe. Imeshafyonza unyevu.

Kutoa upepo, kazi ya watu wawili

Uvujaji ukishazibwa, kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji mafuta mapya, spana ya pete (kwenye Toyota mara nyingi namba 8 au 10), mpira mwembamba unaoonekana ndani, chupa tupu, na watu wawili wanaosikilizana. Gari likae tambarare, matairi yawekewe vigingi, na likinyanyuliwa likae kwenye stendi, siyo kwenye jeki peke yake. Injini imezimwa.

Kwa kawaida kazi inaanzia tairi lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mbele kulia mwisho. Baadhi ya magari yana mpangilio wake, na kitabu cha gari kikisema tofauti kifuatwe.

Mmoja anakaa kwenye pedeli, mwingine yuko kwenye tairi, na mpira umevalishwa kwenye nipeli, kile kiskrubu kidogo chenye tundu kati, ncha ya pili imezama kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Wa ndani anakanyaga taratibu mara tatu, anashikilia, anasema "nimeshika." Wa nje anafungua nipeli nusu mzunguko. Mafuta yanatoka na mapovu, pedeli inashuka. Wa nje anafunga, ndipo anasema "achia." Mpangilio huo usigeuzwe. Pedeli ikiachiwa kabla nipeli haijafungwa, upepo unavutwa tena ndani na kazi inaanza upya. Inarudiwa mpaka mafuta yatoke masafi bila povu, na kikopo kinaongezwa kila baada ya mikupuo mitano sita. Kikiisha katikati, kila kitu kinarudi mwanzo.

Kwa gari la miaka mingi, wenye uzoefu wanaweka kipande cha mbao chini ya pedeli ili isifike sakafuni. Pistoni ya masta silinda huwa inatembea sehemu moja miaka yote, na kule mbele kusikofikiwa kunakuwa na kutu na uchafu. Ikisukumwa mpaka huko, sili zinakwanguka, na gari lililoingia gereji na tatizo dogo linatoka na masta silinda mbovu.

Nipeli zilizoshika kutu zipuliziwe dawa ya kulegeza na ziachwe muda. Zikikatika, kalipa nzima iko matatani. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari yaoshwe kwa maji mengi palepale, yanaibabua.

Upepo umetolewa, bado laini

Cha kwanza kuangalia ni nipeli iko wapi kwenye kalipa. Inatakiwa iwe juu, maana upepo unapanda. Kalipa za kulia na kushoto zikibadilishana wakati wa kufunga, nipeli inakuwa chini, na mtu anaweza kumaliza lita mbili bila kutoa lile povu lililojificha juu. Kosa hili ni la kawaida kuliko mafundi wanavyokiri.

Kama kalipa ziko sawa, kuna mipira ya zamani inayovimba pedeli ikikanyagwa, huonekana kwa macho mtu mwingine akiwa kwenye pedeli. Kuna pini za kalipa zilizokauka grisi, zikafanya kalipa ijikunje badala ya kuteleza. Kuna beringi ya tairi iliyolegea: diski inacheza, inazirudisha pedi nyuma, na mkanyago wa kwanza baada ya barabara mbovu unakwenda chini ilhali wa pili uko sawa. Na kwenye gari lenye ABS, upepo unaweza kuwa umekwama ndani ya kitengo chake, ambako hautoki mpaka mashine ya kompyuta ifungue vali zake.

Gari za haibridi kama Prius na Aqua ni habari nyingine. Pedeli yake inaongozwa na umeme, mfumo una pampu yenye presha kubwa, na kuufungua kienyeji ni hatari kwa fundi mwenyewe. Hizo ziende kwa mwenye mashine inayozisoma.

Ikizama gari likiwa kwenye mwendo

Dereva apampu haraka haraka bila kuacha, mara nyingi presha kidogo inarudi. Gia ishushwe moja moja. Kwenye otomatiki iwekwe 2 au L, kwenye haibridi B. Handbreki ya kuvuta ipandishwe polepole huku kitufe chake kimebonyezwa, ili iweze kuachiwa matairi ya nyuma yakianza kuteleza. Taa za hatari na honi. Injini isizimwe gari likitembea, kwa sababu usukani unakuwa mzito na busta inakosa hewa.

Na baada ya matengenezo, gari lisitoke moja kwa moja kwenda barabarani. Pedeli ikanyagwe injini ikiwa imezimwa mpaka ikaze, kisha injini ikiwaka, ishikiliwe nusu dakika bila kuzama. Hapo ndipo lijaribiwe uwanjani kwa mwendo wa mtu kutembea, halafu taratibu kuongeza. Usawa wa mafuta kwenye kikopo uwekewe alama ya kalamu, na uangaliwe tena kesho asubuhi, na tena baada ya wiki.